Kipando cha mzazi mkongwe: Tuangalie nini kabla ya kununua gari

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na sahaba zake wote.

Ndugu msomaji, miezi michache iliyopita, baada ya swala ya Ijumaa, alitufuata mwanamume mmoja wa makamo na kutuomba faragha. Tulikaa naye kwenye baraza ya msikiti, naye akatuuliza swali ambalo hatukulitarajia. "Sheikh," alisema, "nitajuaje kama mama yangu yu radhi nami?"

Alitueleza kwamba mama yake, aliyepindukia miaka sabini na tano, alivunjika nyonga, na tangu apone hutembea kwa msaada wa fremu, yaani kile chuma chepesi cha miguu minne ambacho wengi wetu hukiita woka. Yeye, kama mtoto mwenye kujali, alijinyima miaka miwili akaagiza gari kubwa la juu, zuri la kupendeza macho, ili mama yake asihangaike tena na usafiri. Siku ya kwanza mama alilipanda kwenda kwenye darsa ya akina mama. Baada ya siku hiyo hakulipanda tena. Leo alisema mgongo unamuuma, kesho jua ni kali, keshokutwa kuna mgeni anamngojea. Darsa akaiacha. Hata alipofiwa na mdogo wake kule Mbagala hakwenda matangani, alituma rambirambi tu akabaki chumbani analia. Mwanawe akaanza kuwaza kwamba pengine mama analitilia shaka chumo lake, au ana kinyongo ambacho hataki kukisema.

Tulikwenda kumjulia hali mama huyo tukiwa na mama wa nyumbani kwetu. Sisi tulikaa sebuleni na kijana wake, wao wawili wakaingia ndani. Jibu lilitoka huko. "Mwanangu hana kosa," mama alisema, "ila gari lile ni refu. Siku ile walininyanyua vijana watatu mbele ya msikiti, huyu kanishika kwapani, yule mapajani, na khanga ikanitoka. Umri wangu wote nimeishi kwa sitara. Sitaki kwenda kusikiliza maneno ya Mungu kwa njia ile. Nimenyamaza kwa sababu alilipenda mno, ningemvunja moyo."

Mama alikuwa radhi na mwanawe. Alichokosa ni gari analoweza kulipanda mwenyewe. Kisa hiki, ambacho tumepewa ruhusa ya kukisimulia bila ya majina, ndicho kilichotusukuma kuandika makala haya, kwani familia nyingi za Kiislamu siku hizi hununua gari kwa nia ya kuwahudumia wazazi, lakini huchagua kwa macho ya mnunuzi na kuusahau mwili wa mpandaji.

Mafunzo ya Mtume (S.A.W.)

Huenda baadhi yetu wakashangaa kwamba ukurasa wa dini unazungumzia urefu wa gari. Lakini mwenye kuzisoma hadithi atakuta kwamba suala la kumpandisha mtu juu ya kipando chake si geni katika Uislamu.

Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.), wakati wa kurejea kutoka Khaybar katika mwaka wa 7 Hijria, alimtengenezea Bi Safiyya (R.A.) mahali pa kukaa nyuma yake kwa kutumia joho, kisha akakaa kando ya ngamia na kuliweka goti lake, Bi Safiyya akakanyaga juu ya goti hilo akapanda. Tuzingatie mambo mawili hapa. Kwanza, kiti kilitayarishwa kabla ya mpandaji kupanda. Pili, ngamia alikuwa mrefu, na aliyeuziba urefu huo alikuwa Mtume mwenyewe kwa goti lake tukufu. Bi Safiyya alipanda kwa mguu wake mwenyewe na heshima yake ikiwa kamili.

Aidha, Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Hurayra (R.A.) hadithi inayoeleza sadaka ambazo kila kiungo cha mwanadamu kinadaiwa kila siku. Miongoni mwa sadaka hizo Mtume (S.A.W.) alitaja kumsaidia mtu kupanda mnyama wake, au kumpandishia mzigo wake juu ya mnyama huyo. Basi yule mjukuu anayeikunja fremu ya bibi yake na kuitia kwenye buti ajue kwamba ametoa sadaka, hata kama mfukoni hana shilingi.

Na katika Hija ya kuaga, mwaka wa 10 Hijria, mwanamke wa kabila la Khath'am alimuuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu baba yake mkongwe, ambaye faradhi ya Hija ilimkuta hali ya kuwa hawezi kukaa imara juu ya kipando. Mtume (S.A.W.) alimruhusu amhijie. Hadithi hii pia wameipokea Bukhari na Muslim. Tukiitafakari, tunaona kwamba udhaifu wa mzee juu ya kipando ni udhuru ambao sheria imeutambua katika nguzo kubwa kabisa. Vipi basi sisi tuuchukulie kuwa ni ukaidi au visingizio vya uzee?

Kipando kwanza, pambo baadaye

Katika Suratun Nahl, aya ya 8, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatukumbusha kwamba ametuumbia farasi, nyumbu na punda ili tuwapande na wawe pambo, na kwamba anaumba hata tusivyovijua. Tuangalie mpangilio: kupanda kumetajwa mwanzo, kisha likafuata pambo. Uzuri wa chombo haukukatazwa, lakini chombo ambacho mlengwa wake hawezi kukipanda kimebaki kuwa pambo tu.

Na katika Suratuz Zukhruf, aya ya 13 na 14, ambamo tumefundishwa dua ya kupanda chombo, kukaa sawasawa juu ya kipando kumetangulia, ndipo ikaja kuikumbuka neema ya Mola na kumtakasa. Mzee aliyening'inia mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja hewani, huku watu wakimsukuma, hapati utulivu wa kuisoma dua hiyo.

Tupime nini

Tulipoandika makala haya tuliwauliza mafundi wa magari na wauguzi wanaowahudumia wazee, tukaongeza na yale tuliyoyaona nyumbani kwa mama yule. Haya ndiyo ya kuzingatia.

La kwanza ni urefu wa siti kutoka ardhini. Mzee akisimama kando ya gari akiwa ameipa siti mgongo, ukingo wa siti umfikie chini kidogo ya makalio, ili akae kwa kurudi nyuma tu, bila kupanda wala kudidimia. Gari la juu humlazimisha kupanda, na saluni iliyo chini sana humdidimiza, kisha kutoka ndiko kunakomtesha. Nyumbani kuna kiti ambacho mzee huinuka kutoka kwacho bila msaada. Kipimeni kwa futi ya fundi cherehani, kisha tafuteni siti ya gari iliyo sawa nacho au iliyozidi kidogo. Aliyefanyiwa upasuaji wa nyonga huenda amekatazwa na daktari wake kukaa mahali ambapo magoti huwa juu kuliko nyonga, kwa hiyo kwake siti ya chini ina hatari zaidi ya usumbufu.

La pili ni kizingiti cha mlango. Kikiwa juu, mguu mzito utagonga. Kikiwa kipana, mzee atakuwa mbali na siti hata akisimama karibu na gari. Ile ngazi ya pembeni ambayo magari ya juu huwekewa humsaidia kijana mwenye miguu yake miwili. Kwa mwenye fremu mara nyingi huwa ni kikwazo, kwani humweka mbali zaidi na siti, na fremu haiwezi kusimama juu yake.

La tatu ni mlango wenyewe. Ufunguke kwa upana ili mzee ageuke akiwa na fremu yake mbele, na paa lisiwe chini kiasi cha kumgonga kichwa anapokaa. Pawepo mshikio imara ndani, juu ya mlango. Siti iwe ngumu kiasi, isiyo na kingo zilizoinuka sana pembeni, na iweze kusogezwa nyuma hadi mwisho ili miguu ipate nafasi. Kwa sababu hiyo, siti ya mbele ya abiria mara nyingi huwafaa wazee kuliko ya nyuma.

La nne ni buti. Fremu ikunjwe na kuwekwa mbele yenu kabla hamjatoa fedha. Siku hizi magari mengi jijini Dar es Salaam yamefungwa mfumo wa gesi asilia, na mtungi huwekwa ndani ya buti. Ni unafuu mkubwa wa mafuta, lakini huenda fremu ikakosa mahali. Isiwekwe kwenye siti bila kufungwa, kwani breki ya ghafla huweza kuirusha ikamjeruhi huyo huyo inayemsaidia.

La tano, na ndilo kubwa, ni kwamba atakayelipanda ndiye alipime. Wengi wetu huagiza magari Japani kwa kutazama picha tu. Basi kabla ya kuagiza, tafuteni gari la aina hiyo hiyo mtaani, kwa jirani au kwa dereva wa teksi, mkaombe dakika kumi. Mzee alipande na kushuka mara mbili, asiwepo mtazamaji asiyehusika. Kisha aulizwe kwa faragha, na mtu ambaye hatamwonea haya. Mama huulizwa na binti yake au mkwe wake wa kike, akasema kwao yale asiyoweza kumwambia mwanawe wa kiume.

Magari yanayofaa

Hatuko hapa kumtangazia mtengenezaji yeyote. Lakini kwa kuwa soko letu limejaa magari ya mitumba kutoka Japani, tutataja machache kama mifano. Nchi ile, kama Tanzania, Kenya na Uganda, huendesha upande wa kushoto, na ina wazee wengi sana, kwa hiyo watengenezaji wake wamelishughulikia jambo hili muda mrefu.

Toyota Raum ya toleo la pili, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 2003 hadi 2011, haina nguzo ya kati upande wa kushoto. Mlango wa mbele hufunguka na wa nyuma husukumwa, na hapo hubaki uwazi mpana ambao mtu mwenye fremu huingia bila kubanwa. Toyota Porte, iliyoanza kuuzwa mwaka 2004, ina upande wa kushoto mlango mmoja mpana wa kusukuma, na sakafu yake iko chini. Toyota Sienta ina milango ya nyuma ya kusukuma pande zote mbili na safu tatu za siti, hivyo hufaa familia inayosafiri na bibi na wajukuu pamoja. Yako pia magari yanayotengenezwa mahsusi kwa wenye ulemavu na wazee, ambayo siti yake huzunguka kuelekea nje ya mlango. Aagizaye anaweza kuulizia, ila ahakikishe kwanza kwamba kuna fundi wa karibu anayeumudu mfumo huo.

Pamoja na hayo, gari zuri kwa jina laweza kuwa bovu kwa hali. Mlango wa kusukuma unaotumia umeme ukichakaa hukwama, na mzee akabaki ndani juani. Ujaribuni mara kadhaa. Wala mtu asijiingize katika mkopo wa riba kwa ajili ya gari la fahari akisema anamtendea wema mzazi. Radhi za mzazi haziendewi kwa njia inayomkasirisha Mola.

Adabu ya kupandisha na kushusha

Hata gari linalofaa huharibiwa na haraka ya dereva. Gari lisimamishwe mahali tambarare, mbali na mtaro, na pabaki nafasi ya kutosha kati ya mlango na ukingo wa barabara. Mzee asogee na fremu yake, ageuke, arudi nyuma taratibu hadi ahisi siti nyuma ya miguu. Hapo aiachie fremu, ashike siti kwa mkono mmoja na mshikio au dashibodi kwa mwingine. Asishike mlango, kwa maana mlango hucheza. Ainamishe kichwa, akae, kisha aingize mguu mmoja baada ya mwingine. Kipande cha kitambaa kinachoteleza kikiwekwa juu ya siti humsaidia kugeuka bila kusukumwa, kisha kiondolewe kabla ya safari na mkanda ufungwe. Wakati wa kushuka, miguu hutoka kwanza, fremu husimamishwa mbele yake, ndipo huinuka.

Kazi ya msaidizi ni kusimama karibu, si kumbeba. Ikiwa kumshika hakuepukiki, ashikwe na mahram wake, na awe amejifunga vazi ambalo halitamfunguka. Na asiharakishwe. Katika Suratul Israa, aya ya 23 na 24, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametukataza kuwatolea wazazi hata lile neno dogo la kuchoshwa, na akatuamuru tuwainamishie ubawa wa unyenyekevu kwa huruma. Tujichunguze, ndugu zetu. Mara ngapi tumewasha gari na kupiga honi getini ilhali mzee yuko njiani na fremu yake? Honi hiyo haina herufi, lakini mzazi huielewa vizuri kuliko maneno.

Asiyekuwa na gari

Tunajua kwamba wasomaji wetu wengi hawana gari, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake, kama tusomavyo mwishoni mwa Suratul Baqara. Vipimo tulivyovitaja hufaa hata kwa chombo cha kukodi. Mtafuteni dereva mmoja wa teksi au bajaji mwenye subira, mkubaliane naye, awe ndiye wa kila safari, ili mzee amzoee na yeye amjue mzee. Bajaji huwasaidia baadhi ya wazee kwa kuwa haina mlango, lakini paa lake ni la chini, na fremu ihakikishwe imefungwa vizuri. Daladala yenye msukumano si mahali pa mwenye fremu.

Na wewe uliye na gari ambalo bibi wa nyumba ya pili anaweza kulipanda, jua kwamba nawe una mlango wa kheri. Vilevile viongozi wa misikiti watenge nafasi ya gari moja karibu na lango la akina mama na karibu na lango la wanaume, na pale penye ngazi watengeneze mteremko. Haigharimu zaidi ya mifuko michache ya saruji.

Kilichotokea baadaye

Turudi kwa mwenzetu yule. Aliposikia sababu, aliinamisha kichwa kwa muda mrefu. Hatukumwambia auze gari lake. Tulimwomba tu aazime kwa jirani gari dogo la aina tuliyoitaja, likaletwa uani jioni moja baada ya Alasiri, geti likafungwa. Mama alitoka na fremu yake, akageuka, akarudi nyuma, akakaa. Mjukuu wake wa kike alisimama kando mikono ikiwa tayari, lakini haikuhitajika. Tulimsikia mama akisoma dua ya kupanda chombo mpaka mwisho. Kisha akamwambia mwanawe, "Haya, nipeleke Mbagala nikawape pole watoto wa mdogo wangu."

Baada ya miezi mitatu kijana aliliuza gari kubwa kwa hiari yake na kununua dogo. Fedha iliyobaki ilitosha kuweka mshikio bafuni na kusawazisha kizingiti cha mlango wa nyumba, mambo ambayo mama alikuwa akiyahitaji tangu mwanzo na hakuna aliyemuuliza. Kwenye darsa amerejea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, leo ukirudi kutoka msikitini, kaa na mzazi wako, au mtume dada yako akae naye, muulizeni: ni safari gani ameiacha, na ni kitu gani kimemfanya aiache. Sikilizeni jibu mpaka mwisho kabla ya kutafuta gari.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) awarehemu wazazi wetu kama walivyotulea tulipokuwa wadogo, awasitiri katika udhaifu wao, awaponye wagonjwa wao na awasamehe waliotangulia. Na atujaalie watoto watakaotusubiria mlangoni nasi tutakapokuwa tunakokota miguu. Amin.

Wallahu a'lam.